Kanuni za Mikokoteni Ndani ya Ghala

Kijiwe chetu kiko Ibadakuli, kandokando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ubavuni mwa ghala la pamba ambalo siku hizi halina pamba wala panya. Benchi ni ubao mmoja mzito uliolala juu ya rimu mbili za lori. Mwenye benchi ni mimi. Naziba pancha za baiskeli na kunyoosha magurudumu ya mikokoteni, na watu wananiita Spoku. Eunice, Mama Wema, anauza kahawa na kashata hapohapo, na maneno anatoa bure. Wateja wa kudumu ni watatu. Davis, maarufu kama Rimoti, anatengeneza redio na simu na hajawahi kukiri kwamba kuna jambo halijui. Boaz tunamwita Kadi, kwa sababu alichezesha mechi za mchangani enzi hizo na mpaka leo kadi ya njano na nyekundu hazitoki mfukoni mwa shati lake. Wa mwisho ni Mzee Jilala, Matimba, aliyezeekea kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyarugusu akisimamisha magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Huyo haingii chini ya paa lolote kabla hajalitazama vizuri.

Yaliyotokea ghalani yalianzia bombani. Bomba la mtaa lina mdomo mmoja, na maji yake yana nguvu alfajiri tu. Jua likishapanda yanatoka kama mkojo wa mbuzi. Wauza maji wa mikokoteni ya punda hapa kwetu ni wawili. Apolonia, Mama Eliya, mjane, analea watoto kwa mkokoteni ule ule alioachiwa na marehemu. Bartholomeo, Baba Agnetha, mkewe yuko kitandani tangu masika, hajiwezi. Anayetangulia bombani anajaza mapipa na kuwahi mama lishe na mafundi ujenzi. Anayefuata anashinda pale akihesabu matone.

Asubuhi moja wakagombana. Bartholomeo akausukuma mkokoteni wa mwenzake, pipa likapasuka. Apolonia akamchana shati kuanzia kolani mpaka kiunoni. Wakaja kwangu kwa mkupuo mmoja, kila mtu na gurudumu lake bovu, wakasimama huku na huku hawatazamani.

— Spoku, akasema Apolonia, mwambie huyo baba, kesho akinigusa tena atarudi kwake bila meno.

— Spoku, mwambie huyo mama meno yangu ni mazima, na foleni ni ya aliyewahi.

— Nimewahi mimi!

— Umewahi kupiga kelele!

Kadi akaweka kikombe chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingoja siku hiyo miaka mingi.

— Hii kesi haina dawa nyingine. Inataka mechi.

— Mechi ya nini, bhabha? Matimba akauliza. Wapigane ngumi?

— Mechi ipo, akasema Rimoti, na akatoa simu.

Tukajazana nyuma ya mabega yake. Ilikuwa video ya Wazungu. Jumba kubwa lenye paa, watu wamekaa pembeni kimya kama wako kwenye ibada. Katikati farasi anavuta kigari cha magurudumu manne, na dereva anamwongoza apite kati ya vikoni, vile vya trafiki, vilivyopangwa viwiliviwili. Juu ya kila kikoni kuna mpira mdogo. Sauti hatukuisikia, maana fundi simu wetu simu yake imeungua spika, na maandishi yaliyopita chini yalikuwa ya lugha ambayo Rimoti alisema anaielewa ila hawezi kuitamka.

— Mpira ukianguka, umekosa, Rimoti akaeleza. Hayo ndiyo mashindano. Wenzetu wakigombana wanamalizana hivi.

— Sasa mbona kavaa kofia ndani ya nyumba? Eunice akauliza.

— Kanuni. Bila kofia hupandi.

— Na glavu?

— Kanuni.

— Na hicho kitambaa alichofunika mapajani, kama anakula ubwabwa?

Hapo Kadi akaingia kabla Rimoti hajajibu.

— Hiyo aproni ni ya kuzuia rushwa. Dereva anaweza kuficha karoti mapajani, akamwonyesha farasi kisirisiri. Ukimfunika, huoni karoti.

— Si ndiyo anaficha vizuri zaidi?

— Mama Wema, wewe mimina kahawa.

— Aproni ni kama joho la hakimu, akasema Rimoti. Ni heshima.

Matimba alikuwa bado anatazama paa la lile jumba kwenye simu.

— Hiyo ni shuka, akasema polepole. Paa likishuka, dereva anafunikwa palepale alipo, hakuna kuhangaika kutafuta nguo. Wenzetu wana mipango.

Halafu tukaona kwamba dereva ameshika mjeledi muda wote, ila hampigi farasi hata mara moja.

— Sasa wa nini? Bartholomeo akauliza. Alikuwa amejisahau, ameinamia simu, bega kwa bega na Apolonia.

— Mjeledi ni kama filimbi ya refa, akasema Kadi. Filimbi ukiiweka chini, wewe ni mtazamaji. Kwa hiyo dereva akiangusha mjeledi, nje.

— Na huyu aliyesimama nyuma ya kigari?

— Mke wake, akasema Eunice. Hamwamini.

— Huyo ni breki, akasema Rimoti. Ona anavyoegemea kwenye kona.

— Huyo ni shahidi, akasema Kadi. Na shahidi hasemi mpaka aulizwe. Mtazameni mdomo! Umefunguka? Haujafunguka. Msaidizi wa nyuma akitoa neno, timu nzima imetoka.

— Tena umeona mtu yeyote akishuka garini? Rimoti naye hakutaka kuachwa. Hajashuka mtu. Kwa hiyo kushuka ni marufuku.

— Hata haja ikimshika? Bartholomeo akauliza.

— Aproni ya nini, sasa?

Eunice akacheka hadi akamwaga kahawa. Apolonia hakucheka. Aliuliza kama farasi na punda ni kitu kimoja.

— Punda, akasema Rimoti, ni farasi aliyekulia Shinyanga.

Basi yakapangwa hapohapo. Vikoni hatuna, tukasema madumu ya maji. Mipira hatuna, tukasema ndimu. Ubishi mkubwa ukazuka juu ya punda atakayekula ndimu: Rimoti alisema ni sawa na kuiangusha, Matimba akasema ni halali maana amekula jasho lake, na Kadi akatoa uamuzi kwamba ni ofsaidi, neno ambalo liliwafunga midomo wote wawili. Jumba je? Rimoti akanyoosha kidole kwenye ghala, sote tukageuka, tukalitazama, tukatikisa vichwa kwamba ndiyo. Mlinzi wa ghala alipoombwa ufunguo alitaka jambo moja tu, naye awekewe kiti.

Atakayeshinda atatangulia bombani kila alfajiri, mwaka mzima. Atakayeshindwa asisogee mpaka mwenzake amalize kujaza.

— Na nikishindwa? Apolonia akaniuliza, sauti ya chini, wengine wakiwa wanabishana ukubwa wa ndimu.

— Utakuwa wa pili, Mama Eliya.

Alilibeba gurudumu lake mwenyewe, hakutaka nimsaidie.

Jumamosi mchana ghala likajaa. Watu walikuja hadi wa sokoni. Matimba aliingia wa mwisho, baada ya kugonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza.

Bartholomeo alivaa helmeti ya bodaboda. Apolonia alivaa kofia ya harusi yenye ua la plastiki, aliyoazimwa na Eunice. Glavu hazikupatikana, kwa hiyo wote wawili walivaa soksi mikononi, na mapajani kila mmoja akatandikwa kitenge. Punda wa Bartholomeo ni dume kubwa, jina lake Diwani, kwa sababu ya sauti. Punda wa Apolonia ni jike, Subira, ambaye kasi yake ni moja tu awe na mzigo au asiwe nao. Nyuma ya Bartholomeo alisimama Matimba. Nyuma ya Apolonia alisimama Eunice, ambaye kwa kuwa anajijua, alikuwa amejaza maji mdomoni ili asiweze kusema.

Kwenye video walikuwa wanaingia mmojammoja. Lakini kila mmoja wa kwetu alitaka kutangulia, na ugomvi wa bombani ukaanza upya mle mle ndani. Kadi akaamua waanze pamoja, mmoja kutoka mlango wa kusini, mwingine wa kaskazini. Akapuliza filimbi.

Apolonia alianza vizuri. Subira alitembea kama anakwenda zake kisimani, akapita dumu kwa dumu, na ndimu hazikutikisika. Nilimwona Apolonia ameuma mdomo wa chini, macho mbele. Nikaanza kumwombea, nami ni mtu ninayetengeneza magurudumu ya wote wawili.

Diwani alipiga hatua chache, akasimama, akalia.

Ghala tupu lina mwangwi. Sauti yake ilikwenda ukutani ikarudi, naye akasimamisha masikio: kuna dume mwingine humu. Akajibu. Akajibiwa. Akajibu kwa nguvu zaidi. Watu wakaanza kushangilia, kila upande ukidai Diwani wa upande wake ndiye mwenye hoja. Punda akaona amedharauliwa. Akatoka mbio kuufuata ukuta.

Bartholomeo akavuta kamba, Diwani akakata kona kati ya nguzo mbili, na gurudumu likakwama kwenye nguzo. Mkokoteni ukasimama ghafla, punda hakusimama. Mkanda wa kifuani ukapanda shingoni. Kadiri alivyovuta ndivyo ulivyombana. Akapiga magoti. Ulimi ukatoka, na ile sauti yote ikageuka kuwa mluzi mwembamba.

— Kadi! akaita Bartholomeo. Amekaa palepale juu, mjeledi mkononi, kitenge mapajani. Kadi, nishuke?

— Ukishuka umetoka!

— Anakufa, Kadi!

— Kanuni ndiyo inasema, si mimi!

Nikamtazama Matimba kule nyuma. Ananyoosha kidole kwa punda, anatikisa kichwa, machozi yanamtoka, na mdomo ameufunga. Ninajua alichokuwa anafikiria Bartholomeo, kwa sababu alikuja kuniambia baadaye: mke kitandani, maji, alfajiri za mwaka mzima. Alikuwa anainuka, anakaa. Anainuka, anakaa.

Apolonia alikuwa amebakiza madumu mawili tu. Alitupa mjeledi, akaruka chini, kofia ya harusi ikabingirika. Alimfikia Diwani akaushika mkanda, soksi zikateleza. Akazivua kwa meno.

— Spoku! Kisu!

Nilimrushia kisu changu cha kukatia mpira. Eunice akatema maji yote akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika uwanja wa ndege. Apolonia akakata mkanda. Diwani akaanguka ubavu, akavuta pumzi, ikatoka kama mlango mbovu, akavuta nyingine. Apolonia alikaa vumbini akakipakata kile kichwa kizito, anakipangusa povu kwa kitenge, anamwambia maneno ya Kisukuma ambayo mtu anamwambia mtoto mwenye homa.

Kadi akatembea hadi pale, akasimama wima, akaingiza mkono mfukoni, akamwonyesha Apolonia kadi nyekundu.

Apolonia aliitazama ile kadi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtu asiyemjua, akaendelea kumpangusa punda.

Alasiri tukawa benchini. Kazi yangu ya mchana ilikuwa imelala, na mgeni mmoja, Ghati, mama wa kutoka Tarime aliyehamia kwetu juzijuzi, alikuwa ameketi kwenye dumu akisubiri nimzibie pancha ya baiskeli. Apolonia alisimama pembeni na Subira, mikono imemvimba kwa mkanda.

— Kikanuni, akasema Kadi, Mama Eliya ameangusha mjeledi, ameshuka, na msaidizi wake amepiga yowe. Makosa matatu. Baba Agnetha hana kosa hata moja.

— Hajapita hata dumu moja! akasema Eunice.

— Ndiyo maana hajaangusha ndimu hata moja. Rekodi safi.

— Mimi napinga, akasema Rimoti. Mmemsahau Subira. Mama Eliya aliposhuka, Subira aliendelea kutembea, akapita madumu yaliyobaki, akafika mlangoni. Aliyemaliza ni Subira.

— Bila dereva?

— Nyuma alikuwepo Mama Wema. Breki ilikuwepo. Kwa hiyo mshindi ni punda, na nafasi ya kwanza bombani ni ya punda.

— Punda hamiliki foleni!

— Iko wapi kanuni inayosema hamiliki?

Kadi hasira zikampanda.

— Basi na Diwani akate rufaa! Aseme kwamba alichezewa vibaya na ukuta!

— Ukuta una sauti yake, sikatai, akasema Rimoti kwa upole kabisa. Ni mshiriki wa tatu ambaye hakusajiliwa. Ghala linapaswa kufungiwa.

— Matimba, sema neno, akasema Kadi. Wewe ulikuwepo juu ya mkokoteni.

Matimba alikuwa hajagusa kahawa yake.

— Mimi nilinyamaza, akasema. Kule Nyarugusu mtu akifukiwa, hata adui yako, unachimba kwa kucha. Hakuna anayeuliza ni zamu ya nani. Leo nimenyamaza kwa ajili ya punda, kwa sababu ya video. Msiniulize kitu.

Hapo akatokea Bartholomeo kwa miguu, anamvuta Diwani taratibu, shingo imefungwa kitenge kilekile cha mapajani. Helmeti ameisahau kichwani. Akasimama mbele ya Apolonia, akamsalimia kwa Kisukuma, na kwa mara ya kwanza hakupitisha maneno kwangu.

— Mama Eliya. Mwadila.

— Mwadila.

— Wameniambia nimeshinda. Siutaki huo ushindi. Kesho utangulie. Kesho kutwa pia. Mimi nitachota kitakachobaki.

— Ushindi haukataliwi! akasema Kadi. Ukiukataa inabidi turudie mechi.

— Boaz, akasema Bartholomeo, nikikuona na hiyo filimbi tena utaimeza.

Apolonia alimkagua Diwani shingo, akainua kitenge kidogo, akakirudisha.

— Huyu hatavuta kitu mpaka kidonda kikauke, akasema. Wewe kesho utachotea nini? Kichwani?

Bartholomeo akatazama chini.

— Na Mama Agnetha anaogeshwa kwa maji gani asubuhi?

— Nilikuwa naacha ndoo moja kwenye mkokoteni, kabla ya kwenda kuuza.

— Leta mapipa yako kwangu alfajiri. Subira atavuta yote. Tutajaza langu moja, lako moja, langu, lako. Ndoo ya mgonjwa itatangulia. Punda wako akipona tutaona.

Bartholomeo akavua helmeti, akabaki ameishika kifuani kwa mikono miwili. Eunice akampa kikombe cha kahawa, naye akakipokea bila kuiachia helmeti, nusu ikamwagikia ndani yake.

— Samahani, akasema Kadi, lakini langu-lako haimo kwenye kanuni. Kwenye video sikuona mapipa.

— Kwenye video farasi walikuwa wanabeba nini, kwani? akauliza Rimoti.

— Heshima.

— Heshima haihitaji magurudumu manne.

— Inahitaji! Magurudumu mawili ni mkokoteni, matatu ni bajaji, manne ndiyo mashindano. Kosa letu liko hapo, tulipungukiwa magurudumu. Tukirudia, tuunganishe mikokoteni miwili.

— Na punda wavae kofia, akasema Rimoti, sasa anasaidiana naye kabisa. Tena wazibwe masikio kwa pamba wasisikie mwangwi.

— Na paa lisimamishiwe magogo, akasema Matimba, ambaye alikuwa ametuambia tusimuulize kitu. Na nguzo zile mbili zivishwe magodoro.

— Na watazamaji wakatazwe kupumua kwa nguvu!

— Na taa iwekwe, mle mna giza!

— Na mlango upanuliwe!

Nikamaliza kuziba pancha, nikamkabidhi Ghati baiskeli yake. Hakuondoka. Alikuwa amesikiliza yote tangu mwanzo, ameshika tama. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye lile tambarare jeupe lisilo na mti wala kichuguu, linalokwenda mpaka macho yachoke.

— Shikamoo wazee, akasema. Naomba kuuliza, mimi ni mgeni. Ndani ya ghala mlikwenda kufuata nini?

Kadi akafungua mdomo. Rimoti akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Matimba aligeuka akatazama lile tambarare kwa makini, kama analiona leo. Apolonia akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, na Bartholomeo alipomwona naye akageukia upande wa punda.

— Kahawa imekwisha, akasema Eunice, na birika lilikuwa limejaa, linafuka moshi mbele yetu sote.